Kadi ya Nyembe Mbili

Kila taa ilipowashwa mbele yake, Mwalimu Seth Okello aliinua mkono wa kulia, akabana kidole cha shahada na cha kati mpaka ukabaki mwanya mwembamba kama uzi, akauweka karibu na jicho na kuchungulia. Alichungulia koroboi. Alichungulia karabai ya kanisani wakati wengine wamefumba macho kwa maombi. Alichungulia taa za lori la majani ya chai likipanda mlima jioni, na harusini mishumaa ilipowashwa, mpaka mke wake Quinter akamsukuma kwa kiwiko na kumwambia, "Baba Akeyo, bibi harusi yuko huku." Hata baadaye, macho yalipokuwa hayamfai tena, akisikia kiberiti kikikwaruzwa mkono wake ulipanda wenyewe.

Tecla alimkuta na tabia hiyo mwaka wa tisini na moja, alipofika kufundisha fizikia na hesabu katika shule ya wasichana iliyokuwa juu ya kilima, kati ya Kapkatet na Sotik, chai ikiwa imepandwa mpaka kwenye ua wa mabweni. Alikuwa ametoka chuoni mwaka huo. Kwao ni Chebunyo, upande wa ng'ombe na jua, na baridi ya kule juu ilimfanya avae sweta mbili. Jioni ya kwanza stima ilipotea, mtu akaleta taa katika chumba cha walimu, na yule mwanamume mrefu wa kona akainua vidole.

"Unatafuta nini huko ndani, Mwalimu?"

"Mistari. Njoo. Bana vidole. Zaidi. Nimesema ubane, sijasema ufunge. Sasa tazama taa."

Tecla akatazama. Katikati ya mwanya palikuwa na nyuzi nyeusi zimesimama, nyembamba, kama nywele.

"Ni vidole vyangu?"

"Vidole vyako havina nywele huko ndani, Madam. Ni mwanga unauana wenyewe kwa wenyewe." Akacheka. "Chuoni mlifundishwa nini, kukamua?"

"Tulifundishwa kuheshimu wazee wanaokula vichwa vya samaki."

"Hapo mlifundishwa vizuri."

Walianza urafiki hivyo, kwa kutaniana. Okello alitoka Nyakach, karibu na ziwa, na alikuwa amefundisha kidato cha sita kule upande wa Kisii mpaka kidato hicho kilipofutwa. Somo alilolipenda kuliko yote lilifutwa pamoja nacho. Katika mtaala mpya msichana alitakiwa ajue tu kwamba mawimbi yakipita kwenye mwanya mwembamba hutanuka. Kupima mwanya wenyewe hakukuwamo katika mtihani. Okello aliendelea kufundisha hivyo hivyo, muhula wa pili kila mwaka, na mkaguzi alipomuuliza kwa nini anawapotezea wasichana wakati, alimjibu kwamba wakati ni wake.

Alitengeneza mwanya mwenyewe. Alichukua kadi ngumu, akakata dirisha dogo katikati, akabandika nyembe mbili zikitazamana, makali kwa makali, zikikaribia kugusana. Mezani mwisho wa maabara aliweka balbu ya taa ya gari, yenye uzi ulionyooka, akaifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende na kuiunganisha na betri. Kando ya balbu alilaza rula. Kisha kila msichana alikaa mita tatu kutoka hapo, kadi jichoni, maabara ikiwa imezibwa mablanketi madirishani.

Mwanga, aliwaambia, ukiupitisha mlangoni huenda moja kwa moja kama mgeni mwenye adabu. Ukiubana kwenye ufa, hutoka upande wa pili ukiwa umejitanua. Katikati kuna utepe mpana mwekundu, halafu giza, halafu wekundu hafifu, halafu giza tena. Kadiri ufa unavyokuwa mwembamba ndivyo giza la kwanza linavyokaa mbali na katikati. Kwa hiyo ukisoma kwenye rula giza hilo liko wapi, unaweza kupima ufa ambao rula yenyewe haiwezi kuupima. Unachukua urefu wa wimbi jekundu, unazidisha kwa umbali wako kutoka kwenye taa, unagawanya kwa umbali wa giza kutoka katikati. Giza la kadi yake lilikaa karibu sentimita mbili kutoka katikati, na mwanya ukawa sehemu moja ya kumi ya milimita. Hesabu ilipotoka, wasichana wengine walipiga makofi. Wengine walilala. Okello hakuwaamsha.

Mwaka uliofuata nyumba za watu wa makabila mengine zilichomwa huku na huko, na familia nyingi za kutoka ziwani zilipakia virago vyao zikashuka. Okello hakushuka. Kiplimo, mlinzi wa shule, mtu wa kijiji cha pale kilimani, alitoa kiti chake getini akakiweka mlangoni pa nyumba ya Okello, akalala hapo na upinde wake magotini mpaka mambo yalipotulia. Hakuna aliyemtuma. Okello hakulizungumzia jambo hilo, ila tangu wakati huo kila Krismasi alimpelekea Kiplimo samaki wakavu, ambao mke wa Kiplimo hakujua kuwapika.

Kisha mwanya ukaanza kupanuka.

Mara ya kwanza Okello alikuja chumba cha walimu na kadi mkononi, amekunja uso. "Giza limesogea ndani," alisema. "Mwaka juzi lilikuwa karibu sentimita mbili, sasa ni moja na kitu. Hizi nyembe zimeachana."

"Zimeachana vipi na umezigundisha?"

"Unyevu, Madam. Kadi imekunywa maji."

Tecla hakuona la kubisha. Katika nchi ile mvua hunyesha mchana karibu kila siku, na kila kitu huvimba. Mlango wa bweni ulipigwa randa mwezi wa tatu na mwezi wa tano ukakwama tena. Chumvi ilitoa machozi ndani ya kopo. Kiberiti kilikaa kifuani ili kiwake, vitabu vya maktaba viliota ukungu wa kijani, na jembe likiachwa nje wiki moja lilirudi na kutu. Nyembe na kadi zingeponaje? Akachukua ile kadi, akaitia katika mkebe wa maziwa ya unga pamoja na makaa makavu, akauweka juu ya kichanja jikoni kwa Janeffer, mpishi wa shule, moto usikozimika.

"Sasa mnaanika karatasi kama nyama," Janeffer alisema.

Kadi ilikaa pale mwaka mzima, ikakauka mpaka ikajikunja. Muhula wa pili Okello aliishusha, akaipima, akarudi amekasirika zaidi. Mwanya ulikuwa umepanuka tena. Akatengeneza kadi nyingine kwa nyembe mpya. Ikawa vilevile. Akajaribu kipande cha bati badala ya kadi. Vilevile. Akairudia kadi ya kwanza. Akasema betri imechoka, kwa maana ule wekundu hafifu wa kando haukuonekana tena kabisa, akaituma betri Sotik ikachajiwe. Ilirudi na nguvu, balbu ikawaka vizuri, na kando ya utepe wa katikati Okello hakuona kitu. Tecla siku hizo alikuwa na kidato cha kwanza na cha pili. Hakuwa na sababu ya kuingia maabara ya Okello na kuweka jicho kwenye kadi.

Wakati huohuo watu walianza kumsema. Alipita kando ya wenzake bila salamu. Aligonga bega kwenye mwimo wa mlango kisha akaulaumu mlango kwa kuvimba. Na siku moja Kiplimo alimjia Tecla getini, kofia mkononi.

"Madam, wewe unamjua. Nimemkosea nini Mjaluo wangu?"

"Kwani amefanya nini?"

"Asubuhi nimempa mkono. Nimesema chamgei, nimenyoosha mkono hivi, kutoka upande huu. Amejibu salamu, mkono ameuacha hewani. Jana pia. Mkono wangu, Madam! Kama mti tu."

Katika watu wale mkono uliokataliwa si jambo dogo. Ndugu wamekaa miaka bila kula pamoja kwa sababu ya mkono. Tecla alimwambia Kiplimo kwamba mwalimu ana mawazo. Moyoni aliamini ni kiburi, kwamba cheo chake kipya cha mkuu wa idara kimempanda kichwani, na kwa majuma kadhaa naye alimpunguzia utani.

Jambo lenyewe lilifunuliwa na msichana wa kidato cha nne, Chepkurui, mwaka wa tisini na tano. Tecla alikuwa anapita nje ya maabara akasikia sauti ya Okello ikipanda, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Umenakili! Hii sentimita mbili ni ya kitabuni. Kadi hii haitoi sentimita mbili tangu mwaka wa tisini na mbili."

"Nimeiona, Mwalimu."

"Umeona nini?"

"Giza. Na baada ya giza kuna nyekundu kidogo. Na giza tena. Hata Caroline ameona."

"Kwa hiyo mmenakili wawili."

Tecla aliingia. Wasichana walikuwa wamesimama gizani, balbu nyekundu ikiwaka mwisho wa chumba. Chepkurui alikuwa analia bila kutoa sauti, kadi bado mkononi. Tecla aliichukua, akakaa kwenye stuli, akaiweka jichoni.

Vyote vilikuwepo. Utepe wa katikati, mpana. Giza pande zote mbili, safi kama limechorwa kwa kalamu. Wekundu hafifu, giza, wekundu hafifu zaidi. Akasoma rula. Karibu sentimita mbili. Nyembe hazikuwa zimesogea hata kidogo. Mvua yote ya miaka ile haikuzifanya chochote.

"Haya, Madam," Okello alisema. "Waambie hawa."

Tecla aliwaambia wasichana waende mapumziko mapema, akaondoa mablanketi madirishani, mwanga wa mchana ukaingia. Kisha akamwomba Okello akae na kutazama ubao, tena asigeuze macho. Akachukua penseli, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto, akaanza kuileta mbele polepole.

"Niambie ukiiona."

"Mchezo gani huu?"

"Niambie tu, Mwalimu."

Penseli ilipita sikio. Ilipita ukingo wa jicho. Ilipita shavu. "Bado," Okello alisema. Ilifika mahali ambapo mtu yeyote angeshtuka na kurudisha kichwa nyuma. "Bado. Umeianza kweli?" Ilipokaribia kufika mbele ya pua ndipo akasema, "Haya, hiyo hapo." Tecla akafanya upande wa kulia. Ulikuwa na nafuu kidogo tu.

Nje wasichana walikuwa wakicheka bombani.

"Ilikuwa wapi nilipoiona?" Okello aliuliza.

Tecla akamwonyesha. Okello akainua mkono wake mwenyewe, akaupeleka pembeni, akaurudisha, akaupeleka tena, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba kigeni.

Hospitali ya Kapkatet walikwenda pamoja, siku ya kliniki ya macho. Tabibu aliitwa Bosire, mtu mpole aliyezungumza huku akipangusa lenzi kwa shati.

"Mwalimu, ulianza lini kutoona pembeni?"

"Mimi naona."

"Unaona mbele. Pembeni je?"

"Pembeni kuna nini cha kuonwa?"

Bosire hakucheka. Alimweleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haina wekundu, na mwenyewe hana namna ya kuihisi, kwa sababu jicho moja humfichia jingine na akili hujaza mapengo. Huanza kwa kula pembeni, sehemu hii na ile, ikija katikati, kama mbuzi waliovunja ua wa shamba la mahindi. Vitu hafifu hupotea mapema, hata ukingo wa mwanga ulio hafifu huonekana kama giza. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Kuna hospitali ya misheni mbali kidogo ambako wangeweza kumfanyia upasuaji, kwa kusudi hilo hilo la kulinda.

"Na kilichokwenda?"

"Kilichokwenda kimekwenda, Mwalimu."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo si kipimo," Okello alisema.

Wakati wa kurudi walisimama kituoni chini ya paa la bati, mvua ikipiga, wasiweze kusikilizana vizuri. Mvua ilipopungua Okello alikuwa anacheka peke yake. "Kumbe nimekuwa nikipima jicho," alisema. "Miaka yote hiyo. Nilidhani napima kadi, kumbe napima jicho. Na hesabu zilikuwa sawa, Madam! Nimezirudia zote kichwani sasa hivi. Hakuna mstari uliokosea." Tecla, mwenye diploma ya sayansi na mkebe wa makaa jikoni kwa Janeffer, alimshika kiwiko wakapanda gari.

Jumatatu Okello alisimama mbele ya kidato cha nne akamwambia Chepkurui kwamba aliona sawasawa, na kwamba mwalimu wake ndiye hakuona. Msichana akainama, asijue aweke wapi uso. Tecla naye alimweleza Kiplimo mambo ya mkono. Mlinzi akavua kofia, akaivaa. "Basi nitakuwa nakohoa kwanza," alisema.

Matone yalitiwa kila siku. Upasuaji ulifanyika, Quinter akamuuguza kule kwa majuma, na kwa karibu mwaka mmoja ilionekana kama mbuzi wamefukuzwa. Walimu walisali. Janeffer alileta majani ya msituni, na mtu mwingine akasema aoshe macho kwa chai baridi ya rangi, kama wachumaji wanavyofanya vumbi likiwaingia, na Okello akaosha, maana alisema hana sababu ya kuidharau chai baada ya kukaa ndani yake miaka yote hiyo. Kisha giza la pembeni likarudi, kwanza jicho la kushoto.

Tecla alifanya alichoweza, na alijua wakati akifanya kwamba hakifai kitu. Alimsomea madaftari ya wasichana kwa sauti, yeye akisema alama za kutoa. Alijifunza kutembea kushoto kwake na kutaja ngazi bila kuonekana anataja ngazi: "Hii ngazi ya tatu wataitengeneza lini, jamani?" Wasichana nao, bila kuambiwa na mtu, walianza kusogeza stuli zote ukutani kabla hajaingia maabara, wakasikiliza somo wakiwa wamesimama.

Alikwenda mpaka mezani siku ya kwanza bila kugonga kitu, akasimama, akapapasa hewa.

"Nani ameiba stuli zangu?"

Viatu vilisogea ukutani.

"Nauliza, nani ameiba stuli?"

"Tumechoka kukaa, Mwalimu," msichana mmoja alisema.

Okello aliinamisha kichwa. Baada ya hapo alifundisha kipindi kizima akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akieleza kwa mdomo utepe, giza, na wekundu wa kando. Alieleza vizuri kuliko wakati wowote. Tecla, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kisingizio cha chaki, aliona kwamba hata msichana mmoja hakuwa anaandika. Walikuwa wanamtazama yeye.

Mwaka wa tisini na saba alistaafishwa kwa sababu za afya. Hakuna aliyekosea, wala hapakuwa na mtu wa kwenda kumgombeza. Mwalimu mkuu alizungumza vizuri, Okello akapewa blanketi na saa ya ukutani, na watu wengine walitazama chini saa ile ilipotolewa kwenye karatasi yake. Yeye aliishika, akaitia sikioni, akasema inatembea.

Pikapu ilikuja Jumanne, kengele ya kipindi cha pili ikikaribia. Kidato cha nne sasa kilikuwa cha Tecla, na kipindi hicho alitakiwa awe maabara. Aliwaachia zoezi, akateremka mbio kwenye nyasi zilizolowa mpaka nyumba za walimu. Vitanda vilikuwa vimefungwa kamba, kuku ndani ya kikapu, Quinter katikati karibu na dereva akiwa na mabeseni magotini. Kiplimo alikuwa anakaza turubai, akikohoa kila alipozunguka upande wa mlango. Okello alikuwa amekaa dirishani, amevaa tai.

Tecla alikuwa ametayarisha maneno tangu Jumapili. Alitaka kumwambia kwamba amesikia kuna daktari wa macho anayekuja Kisumu, ingawa hakuwa amesikia chochote. Alitaka kumwambia kwamba angekuja Nyakach likizoni. Alishika ukingo wa dirisha, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umelowesha bati likateleza chini ya vidole vyake.

"Mwalimu," alisema.

Okello aligeuza uso kuelekea sauti, akamkosa kidogo, akawa anatazama nguzo ya waya iliyokuwa nyuma ya bega la Tecla. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Okello aliinua kichwa, akasikiliza kuelekea juu, madarasani.

"Madam, kengele imelia. Nani yuko na wasichana?"